Fundi Aliyeogopa Gia Isiyolia

Neno ambalo yule mzee alilipenda kuliko yote ni "bado". Ukimletea kazi asubuhi ukamuuliza saa nne kama iko tayari, bado. Saa nane, bado. Ukimuuliza kama amekunywa chai, bado, na kikombe kitupu kiko mkononi mwake. Tumefanya kazi uwanja mmoja miaka saba hapa Embu, yeye kibanda chake na mimi changu, na nikijumlisha saa zote nilizokaa juu ya tairi kuukuu nikingoja "bado" yake igeuke iwe "haya", ningekuwa nimesoma hadi chuo kikuu na kurudi. Mimi niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mnaelewa ni saa nyingi.

Tulimwita Fundi tu. Wote pale uwanjani tulikuwa mafundi, mimi wa kuchomelea vyuma, mwingine wa betri, mwingine wa kunyoosha bodi, lakini mtu akisimama langoni akisema, "Namtaka Fundi," hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa yeye. Kazi yake ilikuwa gia. Na si kutengeneza zilizoharibika tu. Watu walimletea lori linalotembea vizuri kabisa ili awaambie kama kule ndani ya giaboksi, ambako hakuna jicho linaloingia, kuna jino la gia limeanza kufa.

Hilo si jambo dogo kwetu. Kaka yangu ni dereva wa lori la mchanga. Anapakia Kiritiri, anapandisha hadi Embu, halafu anaupeleka Meru kwa ile barabara ya kona na madaraja ambayo watu wa huku hawaitaji bila kutaja na marehemu fulani. Lori likishuka kule na mzigo, breki peke yake haitoshi. Gia ndiyo inayolishikilia. Jino likikatika hapo, kaka yangu hana kitu tena isipokuwa maombi ya mama. Kwa hiyo nikimlalamikia huyu mzee, na nitamlalamikia sana, mjue kwamba kwa miaka mingi sikio lake ndilo lililosimama kati ya kaka yangu na bonde.

Chombo chake kilikuwa kipande cha nondo, urefu wa mkono, ambacho alikihifadhi ndani ya soksi ya sufu kana kwamba kinahisi baridi. Ncha moja aliiweka juu ya giaboksi, nyingine nyuma ya sikio, pale penye mfupa. Akifumba macho hapo, usimsemeshe. Siku moja mwenye lori alimsemesha. Fundi aliichomoa nondo, akairudisha kwenye soksi, akaenda kunywa uji, na yule mtu alihudumiwa Jumatatu iliyofuata.

"Kwani nimesema nini?" mwenye lori aliniuliza.

"Umesema 'Mzee, vipi,'" nikamwambia. "Ungesema kimoyomoyo."

Nilimjua kwa sababu ya nyasi. Mama yangu ana ng'ombe wawili kule Karurumo, na ile mashine ya kukatakata nyasi, ya kuzungushwa kwa mkono, ilianza kugonga. Tok. Tok. Tok. Nikaibeba hadi mjini nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye hasira, kwa sababu nilitaka kuwa mtu mkubwa na hapa nilikuwa nimebeba gurudumu la nyasi begani. Fundi alilizungusha mara moja tu, akachora chaki kwenye jino moja. Nikalitazama. Lilikuwa limevunjika kona kidogo sana, kama sahani iliyopigwa na kijiko.

"Umejuaje haraka hivyo?"

"Sijajua. Limejisema lenyewe." Akanionyesha. "Hizi ni gia zilizonyooka. Jino limesimama wima kama askari, linabeba mzigo karibu peke yake, halafu linampa mwenzake. Moja likiumia, kila zamu yake ikifika utalisikia. Gia hii ina kelele, lakini haina siri."

Nikamuuliza kama kuna gia zenye siri. Hapo nilikosea, kwa sababu alinijibu kwa miaka saba.

Gia zenye siri, kwa lugha yake, ni zilizolala. Meno yake yamekatwa kwa mshazari, kwa hiyo jino moja halijamaliza kuachia, la pili limeshashika na la tatu linakaribia. Mzigo unagawanywa. Lori linanyamaza, dereva anafurahi, na ndiyo sababu karibu kila giaboksi ya siku hizi imejengwa hivyo. Fundi alizichukia. Hapana, si kuzichukia, alizitengeneza kila siku. Alizionea shaka, jinsi mama mkwe anavyomwonea shaka kijana mwenye adabu nyingi mno.

Maelezo bora ya jambo hili aliyatoa mazishini mwaka jana, Mungu atusamehe. Tulikuwa tunamzika jirani mmoja pale Karurumo, watu wamejaa, mchungaji anasoma, na vijana wanne wanalileta sanduku kaburini. Mvua ilikuwa imenyesha. Mmoja wao, wa nyuma kulia, aliteleza. Wale watatu walikaza mikono na sanduku halikutikisika. Fundi akaniinamia kuninong'oneza.

"Umeona! Huyo wa kulia mguu umekwenda na sanduku limetulia! Hiyo ndiyo gia iliyolala!"

Ila alikuwa hanong'oni. Alipaza sauti ambayo wafiwa walisikia, mchungaji alisikia, na nafikiri marehemu pia. Mama yangu alinitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

"Aki Mzee!" nikamvuta koti. "Polepole!"

"Si nanong'ona?" akasema, kwa sauti ileile.

Nilicheka jambo hilo wiki nzima kabla sijaanza kuliwaza vizuri. Hakuwa anajua anapiga kelele. Nikaanza kukumbuka mengine. Redio yake, ambayo ilikuwa inatutoa roho kwa sauti, akisema vijana tumelainika masikio. Kanisani, jinsi alivyohamia benchi la mbele kabisa karibu na kwaya, na wazee wakadhani ameokoka upya. Na honi: dereva akipiga honi langoni, Fundi hakugeuka mpaka mtu wa betri amwonyeshe kwa kidole.

Sikio lililosimama kati ya kaka yangu na bonde lilikuwa linaondoka, na mwenye sikio hakutuambia.

Ungemuuliza? Jaribu. Nilimuuliza kwa upole, nikiwa nimemletea mandazi. "Mzee, umewahi kwenda kupimwa masikio?" Akala andazi lote. Akapangusa mikono. Akasema, "Wewe umewahi kwenda kupimwa mdomo?" Basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuwa mtu wa kukinzana hivyo. Aliwakaripia wateja wenye magari makubwa mpaka wakatetemeka, lakini mbwa wote wa mtaa wetu wa Dallas, hapa Embu, walijua kibanda chake, na kila mmoja alikuwa na bakuli lake lililotengenezwa kwa kifuniko cha beringi. Alidharau shule, "mmefundishwa kujibu kabla hamjaulizwa," lakini chaki alizitumia za shule, nyeupe, na aliwaheshimu walimu kiasi cha kuvua kofia. Mke wake aliniambia nyumbani hataki kelele hata ya sufuria. Mimi sikuelewa: huyo mtu wa kelele? "Akirudi amechoka kusikiliza," mkewe akasema. Sasa nafikiri alikuwa anatafuta kimya ili ajaribu kusikia kilichobaki.

Kitu kingine kilichonikera ni hesabu ya meno. Kila gia iliyofunguliwa aliihesabu, mara mbili, na kuandika kwa chaki ukutani. Kama gurudumu dogo lina meno kumi na mawili na kubwa sitini, alifurahi. "Hii ni ndoa. Kila jino lina mwenzake wa siku zote. Ugomvi ukiwepo, unajua nyumba gani." Lakini kama dogo lina kumi na matatu na kubwa arobaini na moja, aliguna. "Hii ni soko. Kila mmoja atakutana na kila mmoja. Wanachakaa sawa, ni vizuri, lakini jino bovu la huku likiwa na bovu mwenzake kule, mpaka wakutane hao wawili, dogo litazunguka mara arobaini na moja. Wewe umeinua sikio mara ya arobaini, unasema gari ni zima."

Ndiyo maana alisikiliza muda mrefu hivyo. Ndiyo maana bado, bado. Nilijua sababu na bado nilitaka kumrushia spana.

Na mimi nilikuwa na ndoto zangu, msinicheke. Nilitaka kutengeneza mashine ndogo, ya kuunganishwa na simu, inayosikiliza giaboksi na kuwasha taa. Kijani, nenda. Nyekundu, fungua. Nilishatengeneza kikasha chake kwa bati, nikakipaka rangi, ndani hakukuwa na kitu isipokuwa matumaini. Wakati huo nilikuwa narekodi milio ya gia kwa simu na kujifunza kuisikiliza kwa visikizi vya kuweka masikioni. Fundi alikishika kile kikasha, akakigeuzageuza.

"Kina taa ngapi?"

"Mbili, Mzee."

"Bado," akasema, akanirudishia.

Nilikasirika siku tatu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Lori la kaka yangu lilikuwa na giaboksi ya zamani, ya gia zilizonyooka, inayolia kama mbuzi wa Kiritiri amefungiwa nje. Fundi aliipenda. Kaka aliichukia. Mwaka huu mwenye lori alikubali ibadilishwe, wakapata nyingine iliyotumika, ya gia zilizolala, laini kabisa. Kaka alinipigia simu kutoka barabarani ili nisikie jinsi isivyosikika. Alishaenda Meru nayo mara mbili. Mama ndiye aliyemsumbua: usiende ya tatu kabla Fundi hajaigusa. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi akaingia uwanjani na mchanga nyuma, muguka, yale majani ya kutafuna, shavuni, na uso wa mtu anayemtii mama yake shingo upande.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Tuliinua magurudumu ya nyuma kwa jeki, tukapachika mawe mbele, kaka akaingiza gia moja baada ya nyingine huku mimi nikirekodi. Nikasikiliza mara tatu. Laini. Hakuna tok hata moja. Nikamwonyesha kaka dole gumba, na ninakumbuka nilivyojisikia: nilijisikia kama kile kikasha changu kimewaka kijani.

Fundi akaja na soksi yake. Aliitazama jeki, akasema, "Shusheni." Tukashusha. "Gia iliyolala haina mzigo, mnaisikiliza nini? Mtu mwenye mgongo mbovu amelala kitandani, mnamuuliza kama anaumwa." Akataka lori lizunguke uwanja na mzigo wake, breki ya mkono imevutwa nusu, yeye amepiga magoti ndani, nondo sakafuni juu ya giaboksi. Wakazunguka. Wakasimama.

"Bado."

Wakazunguka tena. Bado. Mara ya tatu kaka alizima injini mwenyewe.

"Mzee wangu, umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Basi si ni nzima!"

"Nimesema sijasikia kitu. Sijasema hakuna kitu."

"Haiya!" Kaka akanigeukia. "Dada, ongea na mtu wako. Watu wa Meru wanasubiri mchanga."

Nikajaribu. "Mzee, mimi nimeisikiliza. Nimeirekodi. Iko sawa."

"Imefunguliwa?"

"Haijafunguliwa, lakini..."

"Ifunguliwe."

Kushusha giaboksi ya lori ni kazi ya nusu siku na mgongo mzima. Kaka alishika ufunguo wa lori aondoke. Mimi, niliyekuwa na huruma ya kumficha huyu mzee mwaka mzima, niliyemjibia watu ili wasijue, nikasikia uvumilivu wangu ukikatika kama ukanda wa feni.

"Wewe husikii!" nikapiga kelele. "Husikii hata honi! Husikii hata kanisani! Utasikia nini ndani ya chuma?"

Mtu wa betri aliacha koleo hewani. Fundi alishuka kutoka kwenye lori polepole, kwanza mguu mmoja, halafu mwingine, akakaa juu ya tairi langu kuukuu.

"Hiyo nimesikia," akasema.

Nilitaka ardhi inimeze. Kaka akatazama viatu vyake.

"Sikilizeni," akasema Fundi, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini kweli, ya kunong'ona hasa. "Ningekuwa na sikio langu, ningekwambia haya au ningekwambia fungua. Sasa gia imenyamaza, na mimi ndani ya kichwa nimenyamaza. Siwezi kujua ni nani kati yetu aliye mbovu. Nikisema haya, nitakuwa nimemtuma mtoto wa watu Meru kwa neno la mtu ambaye hakusikia." Akaishika nondo kwa mikono miwili. "Huyu mtoto wa Karurumo ana masikio mazuri. Lakini alisikia kimya akafurahi. Mimi kimya nimekizoea, hakinifurahishi. Fungua."

Kaka akaurudisha ufunguo mfukoni akaenda kutafuta spana.

Tulifungua. Ilikuwa saa tisa gia zilipokuwa mezani, zimeoshwa, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Tukazitazama moja moja mchana mweupe. Hakuna kitu. Kaka alivyopumua nilisikia yote. Fundi naye hakutazama kabisa. Alimimina mafuta ya taa kwenye bakuli la mbwa, akazilowesha gia, akatuambia tungoje. Tukangoja. Bado. Akazipangusa zikakauka, akaponda chaki ya shule kwa nyundo, akapuliza unga juu ya meno mpaka yakawa meupe kama yamepakwa chokaa. Halafu akazigonga taratibu kwa mpini wa mbao.

Kwenye gia ya tatu, kwa shina la jino moja, mstari ukajichora wenyewe juu ya ule weupe. Mwembamba kama unywele, mweusi, ukikua tukiutazama: mafuta ya taa yalikuwa yanatoka ndani ya ufa kuja kwenye chaki. Ulikwenda kutoka upande mmoja wa jino hadi karibu upande wa pili.

Kaka aliacha kutafuna. Ile ndiyo gia anayoshukia kona za kuelekea Meru.

"Mara mbili," akasema. "Nimeshuka nayo mara mbili."

Aliweka kidole karibu na ule mstari lakini hakuugusa. Halafu akatoka akaenda kusimama nyuma ya lori lake, ametupa mgongo, na sote tukajifanya tunatafuta vitambaa.

Mlidhani Fundi alijisifu? Alilalamika. Unga wa chaki umeingia kwenye beringi zake, nani ataziosha, meza imechafuka, mbwa atakunywa nini sasa. Nikaosha beringi. Nikaosha bakuli. Nilipomaliza nikasimama mbele yake, anione mdomo, nikasema, "Mzee, nisamehe kwa nilivyosema."

"Ulisema kweli," akasema. "Ila ulichelewa. Ungesema mwaka jana, ningekufundisha chaki mwaka jana."

Gia nyingine ilipatikana baada ya siku nne, nayo tuliipaka chaki kabla haijaingia. Kaka akaondoka asubuhi na mchanga wake uleule. Fundi alikuwa ameipa barabara mgongo, anapanga mabakuli ya mbwa. Nilimsogelea nikamwambia, kwa sauti ya kutosha, kwamba kikasha changu sasa kitakuwa na taa tatu.

"Ya tatu ni ya nini?"

"Ya bado."

Aliokota bakuli lililokuwa limeshapangwa, akalipanga tena.

Langoni kaka yangu alipiga honi, ndefu, ya heshima. Fundi hakugeuka. Akapiga ya pili. Mimi nilikuwa ninamtazama yule mzee na mabakuli yake, nikasahau kazi yangu mpya ya kuwa sikio lake. Ilipolia ya tatu ndipo nikamgusa bega na kumwonyesha. Aligeuka, akainua mkono juu kabisa, akaupunga barabarani ambako sasa palikuwa na vumbi tu.

"Amepiga ngapi?" akaniuliza, mkono ukiwa bado juu.

"Tatu, Mzee."

"Na wewe umeniambia baada ya ya ngapi?"

"Ya tatu."

Akaushusha mkono, akatikisa kichwa, akarudi kwa mabakuli yake.

"Bado," akasema. "Bado hujawa fundi."